Siku Malaba Ilipokumbuka Maziwa

Akiror alikuwa anapiga watu. Nalisema mapema ili usije ukadhani nakuletea habari za mama mpole anayekamua ng'ombe huku akiimba nyimbo za kanisa. Kanisa alikwenda, tena Katoliki wa kukaa benchi la mbele, lakini fimbo yake aliiacha mlangoni na akitoka aliichukua.

Na usinihukumie huyo mama kabla hujajua alikotoka. Aliolewa Amukura na mtu anaitwa Paulinus, fundi wa baiskeli, mtu wa mkono mwepesi. Miaka tisa alipigwa. Alipigwa ugali ukiwa mbichi, alipigwa ugali ukiiva sana, na siku nyingine alipigwa ugali ukiwa sawasawa, kwa sababu Paulinus alikuwa amekosana na mtu sokoni. Majirani walisikia, wakasema ni mambo ya nyumba. Akiror naye alinyamaza. Nani angemsikiliza?

Basi jioni moja Paulinus akagusa kitu asichopaswa kugusa. Ukutani palikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa, kibuyu alichopewa Akiror na mamake siku ya kuolewa, na mamake naye alipewa na mamake. Paulinus akakiangua, akakiinua ili akipasue ukutani. Akiror alikuwa anatwanga. Akamtandika na mchi kwenye mkono, mara moja tu, na mfupa ukalia hadi kwa jirani. Kibuyu kilianguka kwenye majani ya ng'ombe kikapata ufa. Mume alilala chini akilia na mke alikaa kando yake akishona ule ufa kwa waya wa breki ya baiskeli. Alfajiri akaondoka na kibuyu, na mtamba wake mmoja aliopewa na babake, akaja Malaba. Hakurudi tena.

Huku Malaba, mtamba alipozaa mara ya kwanza, ndama akapatwa na sumu ya majani fulani ya mtaroni. Alianguka, miguu ikawa inapiga hewa. Jirani akamwambia Akiror, mpe maziwa, maziwa hukata sumu. Kila mtu wa huku anajua hivyo. Mtoto akinywa mafuta ya taa, maziwa. Mtu akilishwa kitu kwenye pombe, maziwa. Akiror akamshika ndama kichwa juu, akamfungua mdomo, akammiminia chupa nzima. Ndama akakorota. Ule mkoroto ulitoka ndani ya kifua, kama mtu anayenyonya uji kwa mrija, kisha ukakatika. Mzee mmoja mchunga ng'ombe alikuja akampasua yule ndama kifua, akamwonyesha mapafu yamejaa maziwa.

"Sumu haikumuua," mzee alisema. "Wewe ndiye umemuua. Mnyama akizimia hanyweshwi. Mlaze ubavu, mwachie Mungu."

Akiror hakulia alipoachana na mume, lakini kwa huyo ndama alilia siku mbili. Mkoroto ule haukumtoka masikioni.

Sasa biashara. Alikaa kando ya barabara, pale malori yanaposimama kungoja kuvuka kwenda Uganda, foleni ambayo siku zingine inafika mbali kuliko macho. Alikuwa na vibuyu viwili vidogo na kile kikubwa chenye mshono wa waya. Kila alfajiri alichukua kijinga cha moto, akakisugua ndani ya kibuyu hadi ukuta wote ukaingia moshi na mkaa, akapangusa, ndipo akatia maziwa. Yalilala humo yakachacha, yakawa mala mazito, ya kijivu kidogo, yenye harufu ya moshi na chembe nyeusi hapa na pale. Madereva wa Mombasa walikunywa wakisimama. Wa Rwanda walikunywa, wa Kongo walikunywa wakaongeza kingine. Matandiboi, wale wasaidizi wa madereva, walikuja na vikombe vyao. Ikifika saa sita kibuyu kikubwa kilikuwa kitupu, na Akiror alikigeuza mdomo chini, akakipiga kofi matakoni kama mtoto aliyefanya vizuri, akaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Hakuwa na nyingine ya maana.

Halafu friji ikaja.

Ililetwa kwa Mulama, mwenye duka mkabala na Akiror, mtu wa Bumala, mnene, mwenye adabu nyingi na kucha safi. Kampuni ya vinywaji ilimpa friji bure na ikampakia ukuta rangi nyekundu bure, na juu ya ukuta ikaandika jina la soda yao ya nguvu, Radi. Ndani ya friji kulikuwa na Radi, soda za kawaida, maji ya chupa, maziwa ya mtindi yenye ladha ya stroberi, na maziwa ya pakiti ambayo hukaa miezi na hayachachi.

"Maziwa isiyochacha," Akiror alimuuliza Mulama, "hiyo ni maziwa ama ni rangi?"

"Mama, watu wanataka kitu baridi," Mulama alisema kwa upole. "Si mimi. Ni watu."

Na kweli walikuwa ni watu, hapo ndipo palipouma. Dereva aliyekunywa kwake miaka kumi alishuka, akamsalimu, "Yoga, mama," akavuka barabara kwenda kwa Mulama. Vijana wa bodaboda walichungulia kikombe chake wakakunja pua.

"Mama, hii iko na uchafu."

"Huo ni mkaa. Ndio unafanya maziwa isiharibike."

"Mkaa tunapikia, hatukunywangi."

Wakacheka. Akamtandika mmoja fimbo ya mgongo, wakacheka zaidi wakiwa mbali. Miaka mitatu ikapita hivyo. Kibuyu kikubwa kilirudi nyumbani nusu, kisha robo tatu, na kila jioni alimwagia mbwa wa majirani maziwa ya kibuyu cha nyanyake. Mbwa wa mtaa ule walinenepa hadi wakawa hawabweki. Akiror aliamka kila alfajiri, akakifukiza, akakijaza tena hadi mdomoni. Alitaka jambo moja tu kutoka kwa dunia hii, kwamba siku moja kabla hajafa arudi nyumbani na kibuyu kitupu.

Katika wale vijana alikuwako mmoja anaitwa Egesa, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, mtu wa Funyula, miaka thelathini na kitu, mabega mapana, mdomo mpana zaidi. Ndiye aliyeyapa maziwa ya Akiror jina la maji ya majivu, na jina likashika. Siku kampuni ya Radi ilipotaka kuweka mwavuli wao mkubwa pale alipokaa Akiror, Mulama alikuja kuomba kwa heshima, na Akiror akakataa bila heshima. Egesa hakuomba. Alikuja na wenzake, akasema, "Wewe mama, ondoa hii vibuyu yako, biashara imekufa, unangoja nini, mazishi?" Akapiga teke kibuyu kimoja kidogo kikapasuka.

Akiror alimchapa fimbo ya sikio. Sikio likachanika hadi chini. Egesa akamrudishia kwa helmeti, usoni, na meno mawili ya mbele yakatoka papo hapo. Damu na maziwa vikachanganyika kwenye changarawe. Walishikana mashati, wakaviringika hadi chini ya lori la saruji, na dereva akalazimika kuzima injini na kushuka kuwatenganisha. Wazee wa mtaa wakakaa kikao saa nzima, wakaamua kila mtu ajitibu mwenyewe. Tangu hapo, Egesa akipita alitema mate upande wake. Akiror naye alitema, na kwa lile pengo la meno alitema mbali kuliko yeye. Kila usiku alisali Mungu amwonyeshe Egesa chini, matopeni, akitapatapa. Alisali hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Tusidanganyane.

Basi Jumamosi moja, kampuni ya Radi ikaleta lori la muziki. Spika zilipigwa hadi mabati ya maduka yakatetemeka. Msemaji wao, kijana wa mjini mwenye miwani, akatangaza mashindano: atakayemaliza chupa kumi za Radi kabla ya wimbo kuisha atapewa helmeti mpya na tairi mpya la pikipiki. Malaba yote ilikuja. Mawakala wa forodha waliacha makaratasi, wabadilisha fedha walikuja na mabunda yao kwapani, kina nyabo, akina mama wa Uganda, walivuka kutoka upande wa pili na mabeseni kichwani. Akiror alikaa peke yake na kibuyu chake kilichojaa, tangu asubuhi hajauza hata kikombe.

Egesa akapanda juu ya lori. Wenzake walijua, na Akiror alijua pia kwa sababu alimwona, kwamba tangu asubuhi alikuwa hajala na alikuwa ameteremsha waragi, ile pombe kali ya Uganda, ya kutosha nyuma ya duka. Alikunywa chupa ya kwanza, ya pili, ya tano. Watu wakahesabu kwa sauti moja. Ya nane ilimtoka puani. Ya tisa aliishika kwa mikono miwili. Ya kumi aliinua juu, akafungua mdomo kusema kitu, akaanguka kutoka kwenye lori, kichwa mbele, hadi kwenye lami.

Macho yakageuka weupe mtupu. Miguu ikapiga barabara, kiatu kimoja kikaruka. Povu la manjano likatoka mdomoni.

Akiror alifurahi. Nasema ukweli. Alisimama ili aone vizuri, na moyo wake ukamwambia, Mungu wangu, umenisikia.

Ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Maziwa. Mpeni maziwa, itakata hiyo sumu." Na neno likaruka kutoka kinywa hadi kinywa, maziwa, maziwa, hadi muziki ukazimwa. Wengine wakakimbilia friji ya Mulama, wakatoka na mtindi wa stroberi, wakautazama, wakautupa. Hawakuhitaji kuambiana. Hata wale waliozaliwa juzi walijua ni maziwa gani hukata sumu. Umati wote ukageuka ukamtazama Akiror.

Wangekuwa watu mia. Walikuja mbio kwake na vikombe, na mitungi, na mmoja na chupa ya Radi iliyokatwa chini iwe faneli. Mulama alikuwa mbele, jasho linamtoka, kucha zake safi zimejaa vumbi.

"Mama Akiror, kibuyu," alisema. "Kibuyu chote. Nitalipa yote. Nakuomba, mama."

Miaka mitatu alikuwa amengoja kusikia hivyo. Alikishika kibuyu kwa mikono yote miwili, kizito, kimejaa. Akatazama kule barabarani katikati ya miguu ya watu. Vijana wawili walikuwa wamemkalisha Egesa, kichwa kimevutwa nyuma, na wa tatu alikuwa anampenyeza spana katikati ya meno ili mdomo ufunguke. Na kutoka kwenye lile koo lililonyooshwa ukaja mkoroto. Akiror akaujua. Ulikuwa mkoroto wa yule ndama.

"Msimpe," alisema. "Mlazeni ubavu. Atakufa mkimpa."

"Ati nini?"

"Atazama. Mlazeni ubavu."

"Huyu mama anamlipizia," mwanamke mmoja akasema. "Ni ile meno yake. Anataka afe."

Na ungewalaumu? Kila mtu pale alijua habari ya meno. Mkono mmoja ukanyakua kibuyu kidogo kilichobaki. Akiror akaupiga fimbo, vidole vikalia, kibuyu kikaanguka na watu wakakikanyaga. Ndipo wakamvamia. Mwendesha boda mmoja alimpiga helmeti ya bega. Wakala wa forodha, mtu mzima mwenye tai na koti la reflekta, alimpiga teke la goti. Akiror alimpiga wa kwanza kidevuni na kumchoma wa pili tumboni kwa ncha ya fimbo, akavunja fimbo juu ya kichwa cha wa tatu, na bado mikono ilikuwa mingi kwenye kibuyu, inavuta. Waya wa ule mshono ulikuwa unamkata kifua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye alikuwa kidole kimoja mbele ya mji mzima.

Aliona hawezi kuwazuia. Wangekichukua tu. Basi akakivuta kwake kwa nguvu zote, akakiinua juu ya kichwa alivyokiinua Paulinus siku ile, akakipiga kwenye bampa ya lori la muziki.

Kibuyu cha nyanyake kilipasuka vipande vipande. Mala yote yakamwagika kwenye lami, ya kijivu, na chembe zake nyeusi, yakaingia chini ya viatu vya watu na chini ya magurudumu. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kwa sababu hapa kwetu mtu hamwagi maziwa kwa makusudi, hata mwizi hamwagi. Kisha wakampiga sawasawa.

Walimpiga ngumi na mateke na chupa za Radi zilizojaa. Alianguka, akatambaa. Hakutambaa kukimbia, alitambaa kwenda kwa Egesa, na hilo ndilo liliwachanganya, maana kila aliyempiga alilazimika kumfuata. Mbavu mbili zilivunjika njiani. Alipofika alimng'ata yule wa spana kwenye kifundo cha mkono hadi mifupa, na jamaa akaachilia kichwa. Akiror akamvuta Egesa akamlaza ubavu, uso chini kidogo, akajilaza juu ya ubavu wake ili mtu asimgeuze tena. Wakaendelea kumpiga mgongoni. Yeye alikuwa amebandika sikio kwenye kifua cha adui yake, anasikiliza.

Egesa akatapika. Ilitoka Radi, na waragi, na damu ya ulimi, nyingi, ikamwagikia Akiror shingoni na kwenye matiti. Alimkwangua mdomo kwa vidole. Egesa akatapika tena, halafu akavuta pumzi ndefu kavu. Mkoroto ukaisha.

"Anapumua," Mulama alisema. Alilisema mara tatu ndipo mateke yakakoma.

Hospitali iliwapokea wote wawili wakiletwa kwa pikipiki moja. Daktari aliyemwona Egesa aliuliza ni nani alimlaza ubavu, na aliyemleta akasema hajui. Akiror alifungwa mbavu na kushonwa kichwa. Jioni walimrudisha, na mtu wa huruma alikuwa amekusanya vipande vya kibuyu ndani ya gunia na kumwekea mlangoni. Alifungua gunia akavipanga sakafuni. Havikuwa vya kushonwa tena. Akakaa navyo, akakumbuka kwamba leo hakuna maziwa ya kuwapa mbwa. Kibuyu kilikuwa kimerudi nyumbani kitupu, alivyoomba. Alilia hadi mbavu zikamzuia.

Nawe usitarajie kwamba mji ulimwomba radhi. Mji ulisema Akiror alimwaga maziwa mtu akifa, na mpaka leo ukishuka Malaba utaambiwa hivyo na mtu ambaye hakuwako. Alikaa nyumbani wiki tano. Aliporudi barabarani alikuja na kibuyu kipya kidogo, kisicho na historia, na fimbo mpya. Hakuna aliyenunua asubuhi ile.

Saa nne Egesa akaja kwa miguu. Watu wa steji wakasogea wapate kuona vizuri, maana walijua kutakuwa na damu. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele yake, mkono kwenye lile sikio bovu.

"Mulama ameniambia," alisema. "Kwa nini hukuniacha?"

"Nilikuwa na ndama," Akiror alisema.

  Akiror akachukua kikombe, akakipangusa kwa leso, akamimina mala hadi juu, akamwekea Egesa mkononi.

Egesa alikunywa. Aliona zile chembe nyeusi akafumba macho. Alikunja uso, akameza, akasimama kidogo, akameza tena hadi mwisho, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa ule uchachu.

"Mama," alisema, "haki ya Mungu, hii kitu ni mbaya."

Watu walimtazama Akiror wakitarajia fimbo. Akiror mwenyewe alitarajia fimbo. Alikuwa ameishika, lakini haikuinuka.

Tangu siku hiyo Egesa huja kila asubuhi. Hana maneno mengi. Husema, "Yoga, mama," hukunywa kikombe kimoja chote akiwa amefumba macho, huacha pesa, halafu huvuka barabara hadi kwa Mulama na kununua soda baridi ya kuosha mdomo. Akiror humwona akivuka. Humwona akisukutua. Fimbo iko pale pale, kando ya mguu wake, na hasira iko pale pale kooni. Na kila alfajiri huamka, hufukiza kibuyu, na kikombe cha Egesa hukijaza cha kwanza.